Gari Jipya na Jirani wa Ghorofa ya Chini

Gari lile lilikuwa la kwanza kwangu kulipata likiwa halijakaliwa na mtu. Yote niliyoyaendesha kabla yake yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, ingawa hapa mjini tunayaita mapya kwa kuwa ni mageni kwetu. Hayo hayakunisumbua. Ukikuta kitobo cha sigara kwenye kiti, unajua kazi ya kuharibu ilishaanzwa na mmiliki wa kwanza, wewe unaendeleza tu. Hili lilikuja likinuka mpira na gundi, viti vyake vya kitambaa cha kijivu vikiwa ndani ya nailoni, na karatasi nyembamba ya kunata ikiwa bado juu ya skrini.

Nauza mapazia Kariakoo, kwenye duka aliloniachia baba. Mtu wa mapazia anajua jua linavyofanya kazi. Kuna vitambaa vilivyotoka dukani kwangu vikiwa rangi ya damu ya mzee, vikarudishwa vikiwa rangi ya chai ya maziwa, mteja akilalamika kwamba nimemuuzia feki, kumbe dirisha lake linatazama magharibi. Kwa hiyo wiki ile ile gari lilipofika nilikwenda mitaa ya nyuma wanakouza mapambo ya magari. Nilinunua kitambaa cha kufunika dashibodi gari likiegeshwa, kinga ya kung'aa ya kuweka kwenye kioo cha mbele, kapeti za raba zenye kingo ndefu, brashi laini ya matundu ya kiyoyozi, vitambaa vya kufutia na mashine ndogo ya kufyonza vumbi. Nailoni ya kiwandani ilikuwa nyembamba, inachanika kwa kucha tu, nikaipeleka kwa fundi wa Gerezani anishonee nyingine nene, ya kuonyesha ndani, kwa vipimo vya kila kiti. Alinikumbusha kwamba watu huwa wanaitoa nailoni, hawaongezi. Nikamwambia ashone.

Mke wangu ni mfamasia, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alipokaa alisema amekaa juu ya mfuko wa mkate. Hakurudia tena. Kuanzia siku ya pili alikuwa anapanda na khanga moja ya zamani, anaitandika, anaketi, na tukifika anaikunja na kushuka nayo. Masharti mengine aliyakubali bila ubishi: kugongesha viatu kabla ya kuingia, mwavuli kukaa kwenye buti, na kutokula chochote ndani, hata bisi.

Tunakaa Upanga, kwenye jengo la zamani lenye ua wa kuegesha magari nyuma. Ghorofa ya chini walikuwa wanaishi mzee mmoja wa Kihindi na mkewe. Mzee alikuwa ametengeneza na kuuza saa mjini maisha yake yote, mpaka macho yalipopungua nguvu akafunga duka. Mkewe alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni cha huko, cha taratibu. Watoto wao wawili wako nje. Wa kiume Uingereza, binti Kanada. Kabla ya gari lile jipya, mimi na mzee tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba tu.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa ndani ya gari nafuta dashibodi kwa dawa ya kung'arisha. Akatoka na fimbo yake, akasimama karibu na mlango. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akanyoosha mkono akaomba kile kitambaa nilichokuwa natumia. Akakinusa.

"Hii dawa ina mafuta," alisema. "Jioni ukirudi na jua la mbele, dashibodi yote utaiona kwenye kioo."

Ilikuwa kweli. Tangu nianze kuipaka, nikirudi nyumbani jua likiwa machoni, nilikuwa naona kivuli cha dashibodi kikielea mbele yangu juu ya barabara, nikadhani kioo kina kasoro. Niliacha ile dawa, nikawa natumia maji na sabuni kidogo ya mtoto kwenye kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Mzee akaniambia kwamba yeye pia alikuwa na gari, dogo jeupe, alilolitunza hadi macho yalipomshinda, na aliyelinunua alidhani viti vimebadilishwa.

Baada ya hapo alikuwa anatoka kila Jumamosi. Kwa kuwa haoni vizuri, alikagua kwa vidole. Alipitisha kidole cha shahada kwenye mshono wa kiti, kwenye upindo wa mlango, pembeni ya gia, kisha anakisugua kwa dole gumba kusikiliza kama kuna vumbi. Akiridhika hasemi kitu. Asiporidhika anabaki amesimama pale pale mpaka nirudie. Juu ya nailoni tulikubaliana kabisa, tukawa wanaume wawili dhidi ya wake wawili, maana mkewe naye alikuwa na maoni yake kuhusu joto la vile viti. Sofa za nyumbani kwao zilikuwa na nailoni pia, na rimoti ya televisheni ilivalishwa mfuko na kufungwa kwa mpira.

Kisha figo zake zikaanza kumsumbua. Hospitali haiko mbali na kwetu, kwa mtu mwenye miguu mizima ni mwendo wa kupunga mikono, lakini yeye hakuweza tena. Nikawa nampeleka asubuhi kabla sijaenda dukani. Alikuwa anakuja na gazeti la jana, analitandaza chini juu ya kapeti ya raba, ndipo anaingiza miguu. Nilimwambia mara nyingi kwamba raba inaoshwa. Alijibu kwamba anajua raba inaoshwa.

Siku moja tukirudi kutoka hospitali alishikwa na kichefuchefu. Nilikuwa naangalia barabara. Nilichosikia ni vifungo vikiachia. Nilipogeuka alikuwa amefungua shati lake, amelikunja kama bakuli kifuani, na ametapikia humo. Alilishika hivyo kwa mikono miwili hadi tulipofika uani, akashuka akiwa amepinda, na mkewe akampokea mlangoni. Wakati namsaidia kushuka nilimwambia angetapika tu, viti vina nailoni, hakuna kitakachoharibika.

"Kiti hakijanikosea kitu," alisema.

Alifariki miezi michache baadaye, wakati wa mvua. Mwanawe wa kiume alikuja kutoka Uingereza, wakauchoma mwili kwa taratibu za dini yao, nami nilihudhuria pamoja na wanaume wengine wa jengo letu. Majivu yakagawanywa. Sehemu moja mtoto aliondoka nayo aifikishe kwenye mto mtakatifu huko India. Sehemu nyingine ilibaki, kwa sababu mzee alishasema anataka kuingia kwenye bahari hii aliyojifunzia kuogelea akiwa mdogo. Mtoto alikuwa na kazi, hakuweza kusubiri siku iliyofaa. Ndugu mmoja akaahidi kumpeleka mama.

Siku hiyo ilipofika nilisikia hodi mlangoni kwetu. Mke wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Mama alikuwa amevaa sari nyeupe, na mkononi ameshika chungu kidogo cha udongo kilichofungwa mdomo kwa kitambaa chekundu. Alieleza kwamba yule ndugu amepata dharura, gari la kukodi hataki, na maji yanajaa saa hizi. Sala zimeshafanywa. Kwa kawaida wanaume ndio wanaokwenda, akasema, lakini mwanaume wake mmoja yuko Uingereza na mwingine yuko humu ndani ya chungu. Alisema bila kutabasamu. Nikachukua funguo.

Alikaa kiti cha nyuma, akakiweka chungu ubavuni kwake, akakishika kwa mkono mmoja. Mkanda nilimfunga mimi. Tulitoka taratibu, tukaifuata barabara kuelekea Daraja la Selander. Hatukuwa tumefika mbali, bajaji ikachomoka kutoka pembeni ikaingia mbele yangu bila kuwasha taa. Nikakanyaga breki. Bajaji ilipita, haikuguswa. Nyuma yangu nikasikia mlio wa kitu kikiteleza kwenye nailoni, halafu mgongano.

Nilisogeza gari pembeni, nikawasha taa za tahadhari, nikashuka kwenda kufungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameinama, mikono ameiachia hewani kama mtu aliyeangusha mtoto wa mwenzake. Chungu kilikuwa chini, nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, kimepasuka upande mmoja. Majivu mengine yalikuwa kwenye kiti, juu ya nailoni, yamejichora mstari. Mengine yalikuwa kwenye kapeti ya raba. Mengine yalikuwa yamepita ukingo wa kapeti yakaingia chini ya kiti cha mbele, kwenye zulia la gari lenyewe na kwenye reli ile ambayo kiti huteleza kikisogezwa mbele au nyuma. Yalikuwa meupe kuliko nilivyotegemea, na yalikuwa na vipande vigumu vidogo ndani yake.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye buti, ukarudi na ile mashine ya kufyonza. Sikuwa nimefikiri chochote. Kukiwa na unga mahali pasipo pake, ndicho ninachokifanya.

Mama akaitazama. "Hiyo inapeleka wapi vumbi?" aliuliza.

Nilimwambia inaliweka kwenye kifuko.

"Na kifuko?"

Nikairudisha kwenye buti.

Tukaifanya kazi kwa brashi. Brashi ya matundu ya kiyoyozi ilikuwa laini kiasi cha kutosha. Kitambaa kimoja cha kufutia kilikuwa bado kwenye pakiti yake, hakijawahi kugusa kitu. Nilikitandaza kwenye kiti na yeye akaanza kuyasogeza majivu juu yake kidogo kidogo. Yaliyokuwa kwenye nailoni yalikuja yote, hakuna hata chembe iliyobaki. Yaliyokuwa kwenye raba yalikuja pia, isipokuwa yale ya kwenye mifereji, ambayo mimi niliyatoa kwa ncha ya brashi nikiwa nimepiga magoti kando ya barabara. Mwanamke aliyekuwa anapita na sinia la karanga alisimama, akatutazama, akauliza kama tumepoteza hereni.

"Hatujapoteza kitu, mwanangu," mama alimwambia. "Kimemwagika tu."

Yule mwanamke alitupa pole, akaenda zake.

Yaliyoingia chini ya kiti hayakufikika. Nilisogeza kiti mbele mpaka mwisho, nikakirudisha nyuma mpaka mwisho, nikalaza shavu kwenye zulia kutazama. Yalikuwa mle ndani ya reli, kwenye grisi, na mengine yamezama kwenye manyoya ya zulia. Nilimweleza hali ilivyo. Nikamwambia kiti kinaweza kufunguliwa, lakini inahitajika spana, na spana sina. Alitazama saa yake, ambayo bila shaka mzee ndiye aliyekuwa akiitia betri, akasema maji hayasubiri. Twende na haya.

Ufukweni hapakuwa na watu wengi. Alivua ndala, nikakunja suruali, nikamshika kiwiko. Bahari ilikuwa imejaa na ilikuwa inasukuma. Tuliingia mpaka magotini, halafu wimbi moja likatufika kiunoni sote wawili, na yeye hakurudi nyuma. Alikifungua kitambaa changu, akasema maneno ya lugha yao kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempa mwenzake maelekezo ya safari, akayaachia. Akatupa na vipande vya chungu. Kitambaa alikikung'uta, akakisuuza, akakikamua kwa nguvu ambayo sikuitarajia, akanirudishia.

"Kikaushe kivulini," alisema.

Kurudi alikaa mbele, kwa sababu majivu yaliyobaki yalikuwa yameingilia upande wa nyuma na hakutaka kuyalowesha kwa miguu. Tulikuwa tunachuruzika maji ya chumvi. Nilikumbuka masharti yangu yote, nikaona hakuna hata moja linalohusu hali hii.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama yaliyobaki chini ya kiti nimeyatoa. Nikasema hapana. Akauliza kama naogopa.

"Siogopi," nilimwambia. "Sijui tu adabu yake."

Na kweli sikujua. Kwetu sisi maiti huoshwa, huvikwa sanda, huzikwa, na ukipita makaburini unawasalimu waliolala pale. Hakuna aliyenifundisha unafanyaje ukiwa na sehemu ya mtu, jirani yako, kwenye reli ya kiti, na wewe kila asubuhi unatakiwa uende Kariakoo kufungua duka. Nilikwenda kumuuliza mama. Alinijibu niyaache kama yalivyo. Kuna siku nzuri na siku mbaya, siku nzuri ikifika atanijulisha.

Nikasubiri. Wakati nasubiri sikufuta ndani ya gari. Si kwamba niliapa. Jumamosi ilikuwa inafika, natoka na ndoo, nafungua mlango, halafu naona nikianza kufuta dashibodi nitafika kwenye kiti, na nikifika kwenye kiti nitafika chini yake. Basi nikawa naosha bodi na matairi, naishia hapo. Vumbi la Kariakoo si la mchezo. Baada ya muda dashibodi ilikuwa na tabaka la kuandikia jina. Mke wangu alikula muhogo wa kukaanga ndani ya gari, akaniangalia kuona nitasema nini, nami nikamwomba kipande. Abiria mmoja, mfanyabiashara mwenzangu niliyempa lifti, aliuliza kama nina mpango wa kuliuza, maana zamani gari hili lilikuwa linametameta.

Siku ya mama ilifika, na ilikuwa Jumamosi. Alitoka na sahani ya chuma cha pua na brashi ya rangi ambayo haijatumika. Mimi nilikuwa nimeazima spana kwa fundi wa Ilala anayenitengenezea magari tangu zamani, na alishanielekeza nisichomoe waya zilizo chini ya kiti, nifungue boliti tu na kukilaza kiti nyuma. Boliti zilitoka kwa shida. Kiti kikalala, na pale chini pakaonekana wazi kwa mara ya kwanza tangu kiwandani.

Palikuwa na sarafu, kibanio cha nywele cha mke wangu, peremende ya kikohozi iliyoyeyuka na kuganda, maganda ya karanga ambazo sijui ziliingiaje, na mchanga wa ufukweni tulioingia nao siku ile miguuni. Katikati ya vyote hivyo palikuwa na unga wa kijivu. Nilitazama kwa makini. Sikuweza kutofautisha majivu na vumbi.

Nilimuuliza atajuaje lipi ni la mzee.

"Sijui," alisema. "Nachukua lote."

Alipiga magoti uani, mtu wa umri ule, akafagia kila kitu kuelekea kwenye sahani. Sarafu na kibanio alivitoa akanipa. Peremende aliigeuzageuza kwanza, akaniambia hii ilikuwa ya mzee, alikuwa akizificha mashavuni wakati wa kwenda hospitali kwa sababu daktari alimkataza sukari. Akaiweka kwenye sahani pamoja na vingine. Kwenye reli alipitisha brashi, kisha kidole, kisha akakisugua kidole kwa dole gumba. Sikumwambia nimewahi kumwona nani akifanya hivyo. Nadhani alijua.

Alipomaliza aliifunika sahani kwa kitambaa cheupe. Nikasema anisubiri nifunge boliti nimpeleke. Akatazama kiti kilivyolala, na mikono yangu ilivyokuwa na grisi, akasema nisijisumbue, atakwenda na bajaji. Nilifikiri nimesikia vibaya. Lakini alikwenda mwenyewe hadi getini, akaita bajaji, akapanda na sahani yake mapajani, mikono yote miwili juu yake, na dereva akaondoka polepole kama aliyeambiwa.

Nikabaki na kiti. Kwa kuwa kilikuwa kimelazwa, niliona chini ya nailoni kwa upande ambao huwa hauonekani. Kitambaa cha kijivu kilikuwa na madoa ya ukungu, ya kijani na meusi, kuanzia kwenye mshono hadi katikati. Maji ya bahari ya siku ile yalikuwa yamepita kwenye matundu ya sindano, yakaingia ndani, na nailoni ikayazuia yasikauke. Kitambaa kilikuwa kinanuka stoo. Nilichukua kisu, nikaichana nailoni yote ya kiti hicho, kisha ya viti vingine. Cha kwangu nacho kilikuwa na madoa, machache. Viti vya nyuma vilikuwa salama, ila vilikuwa na joto la ajabu, kama mgongo wa mtu mwenye homa.

Niliomba siki kwa mke wangu, nikachanganya na maji, nikasugua ukungu kwa brashi ngumu, nikaufuta kwa kitambaa kikavu, nikaacha milango yote wazi kivulini. Sehemu kubwa ilitoka. Karibu na mshono kulibaki kivuli cha hudhurungi ambacho kipo hadi leo, na wateja wangu wanaopanda humo hudhani ni chai. Mke wangu alishuka kuangalia, akakaa kiti cha nyuma bila khanga, akapapasa kitambaa kwa viganja vyote viwili. Akasema kumbe ni kizuri.

Bajaji ilirudi jua likiwa utosini. Mama alishuka, sahani kwapani, pindo la sari likiwa limelowa na mchanga umemganda kwenye vifundo vya miguu. Alionekana amechoka lakini ametulia. Alisogea mpaka kwenye gari, akainama kutazama viti vilivyokuwa uchi, akaniuliza kama kile cha mbele kimeshakauka.

Nikamwambia bado, labda kesho.

"Basi kesho utanipeleka sokoni Kisutu," alisema, "nikanunue samli."